Herufi Nyeusi Juu ya Weusi

Jamani, aibu hii nilitaka kufa nayo, ila majirani wameshaisambaza Bagamoyo nzima, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe.

Nilitengeneza programu ya kuonyesha majina na alama za watoto kwenye mashindano ya kusoma Kurani, na Ustadhi Kombo, mwenyekiti wa kamati, akaniambia wakiipenda nitapewa kazi ya madrasa zao zote. Kazi hiyo niliitaka kwa kufa na kupona, maana nyumbani walishachoka kuniona naikodolea kompyuta macho bila faida. Programu ilifuata rangi uliyoichagulia skrini ya kompyuta: kompyuta ikiwa nyeupe nayo nyeupe, ikiwa nyeusi nayo nyeusi. Isipokuwa herufi. Hizo nilizipangia weusi mwenyewe (eti zikolee), na kompyuta yangu ilikuwa nyeupe siku zote, sikuona tatizo. Asubuhi ya mashindano nikaona nyeusi itapendeza zaidi mbele za watu, nikaibadilisha, nikatazama ukurasa wa kwanza wenye nembo ya kijani, nikafurahi, nikafunga.

Ukumbini nembo ikapigiwa vigelegele. Nikafungua ukurasa wa majina: weusi mtupu.

Mwenye akili angetulia akafikiri, mimi nikatangaza kwamba tatizo ni mwanga wa madirishani, akina mama wakavua khanga zao za juu wakaziba madirisha yote, joto likapanda, watoto wachanga wakaanza kulia, na ukutani hakuna kitu. Nikasema basi ni projekta, Ustadhi mwenyewe akapanda kwenye kiti akaifuta kioo kwa pindo la kanzu yake (Mungu anisamehe). Wapi!

"Kama ulitaka giza, mwanangu," akasema Bi Mwanaisha, jirani yetu, "hili limekamilika."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata majaji. Nilitamani ardhi inimeze, lakini kuondoka sikuondoka. Nikaburuta kipanya juu ya ule weusi, majina yakajitokeza ndani ya mstari wa bluu, kumbe yalikuwepo muda wote! Nikasimama.

"Ustadhi, projekta ni nzima, na madirisha hayana kosa. Kosa ni langu."

Nikairudisha kompyuta kwenye nyeupe, alama zikasomwa, khanga zikateremshwa zimejaa vumbi.

"Mambo ya kazi tutazungumza," akasema Ustadhi bila kunitazama.

Khanga zile nilizibeba zote nikazifua kwa mikono. Siku ya tatu nikaenda kwake na kompyuta.

"Shikamoo, Ustadhi."

"Marahaba. Leo umekuja na giza au na mwanga?"

"Vyote viwili."

Nikaketi barazani kwake nikaibadilisha kompyuta nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, herufi zikigeuka nayo kila mara, mpaka akainua mkono.

"Basi, binti yangu, macho yananiuma. Kazi chukua."

Nikaichukua. Ila nimeapa: ama rangi ya herufi na ya nyuma yake nazichagua mimi zote mbili, ama naiachia kompyuta zote mbili. Nusu nusu sifanyi tena.