Samoni Niliyemfuta Jasho

Siku ya kwanza kazini nilivaa suti. Msicheke. Kwetu Uvira nilikuwa na studio ya picha, na mpiga picha asiye na suti nani angemwamini? Hapa Stockholm nilikuwa nimesukuma mopu hospitalini Flemingsberg miaka mitano, hadi kitengo kimoja cha utafiti wa samaki kikanichukua kuwa mpiga picha wake, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Nikishindwa, mopu ilikuwa inanisubiri.

Mkuu wa kitengo alikuwa mama wa Kiswidi, mrefu, wa maneno machache. Wenzangu walimwita kwa jina lake tupu, kama mtoto wa jirani. Mimi ulimi ulikataa. Nikamwita Shefu, yaani mkuu, neno ambalo Kiswidi chake na Kifaransa changu vilikubaliana.

Alinieleza kazi tukiwa gatini katikati ya mji, pale maji ya ziwa yanapomwagikia baharini. Samoni akitoka majini, mgongo wake ni kijani cha chupa chenye zambarau kidogo, tumbo ni fedha tupu. Dakika chache tu, rangi zinakimbia, anabaki kijivu kama wa dukani. Kwa hiyo unamlaza upesi kwenye beseni la kioo lenye maji yaleyale aliyotoka, unaweka kando kadi ya kijivu, ambayo ndiyo shahidi wa rangi, kisha unapiga picha. Ruhusa yetu ilikuwa samaki mmoja kwa siku.

Mvuvi wetu akamtoa. Jamani, yule samaki alipendeza! Mkono wangu ukafanya ulichozoea. Uvira mteja hapigwi picha kabla hujamfuta uso. Ndiyo heshima yenyewe. Nikatoa leso, nikamfuta samoni kutoka kichwani hadi mkiani. Ute wote ukatoka, na magamba ya fedha yakabaki kwenye leso. Tumbo likawa na mabaka.

"Umefuta nini?" Shefu akauliza.

"Jasho," nikasema. Aibu ilinishika hadi masikioni.

Hakunigombeza. "Nataka rangi aliyokuja nayo. Kesho asubuhi njoo tena. Leso iache nyumbani."

Nilirudi nyumbani Bredäng kwa metro, leso ikinuka mfukoni, abiria wakisogea mbali. Kesho yake nililowesha mikono kwanza, nikamshika samoni kama mtoto anayeogeshwa. Picha tatu, mgongo bado kijani. Shefu akazitazama, akasema, "Sawa." Kwa Mswidi, hiyo ni sherehe.

Nilidumu pale miaka kumi na kitu. Alikuja mkuu mwingine, bwana wa kompyuta, akataka tuongeze rangi ili kitabu cha samaki tulichokuwa tunakiandaa kivutie. Nikamwekea kadi ya kijivu mezani, akaziacha rangi zilivyo. Ninyi mnaolainisha nyuso kwenye simu mngemwelewa yeye kuliko mimi. Ile baridi ya gatini na kahawa ya chupa naitamani mpaka leo.

Siku ya kustaafu kwangu, Shefu wa kwanza, naye mstaafu tayari, alikuja na mkongojo na kamera yake. Akanisimamisha palepale gatini. Machozi yakanitoka mbele za watu, mtu mzima mimi. Nikaingiza mkono mfukoni nitoe leso.

"Usifute," akasema.

Picha iko sebuleni kwangu. Wajukuu huniuliza, kwa Kiswidi chao, mbona Babu analia na hakujipangusa. Nawaambia Shefu alikataza.