Safari ya visiwani iliyomshinda Mama Ramani kupanga

Saa tatu asubuhi, chai yake haijapoa, Mama Ramani tayari ana wateja watano mbele ya meza, na anayezungumza ni mmoja tu.

Ni baba wa familia. Ameshika simu iliyojaa picha za visiwa na anavigusa kwa kidole, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Anataka kulala kisiwa kipya kila usiku. Anataka kupiga mbizi asubuhi, kutweka matanga mchana, kuchoma samaki jioni. Siku sita, visiwa saba, na ikiwezekana cha nane wakati wa kurudi.

Mama Ramani hambishii. Anamwacha amalize, anaweka kalamu mezani, anawatazama wote kwa zamu, kisha anauliza swali ambalo kwingine wangeliita utovu wa adabu.

“Haya. Na nani kati yenu hataki kwenda?”

Kicheko kinawatoka karibu wote. Mabinti wawili wanasukumana viwiko. Bibi yao, ambaye ungedhani ndiye mwenye hofu, anajitetea kabla hajashukiwa: “Mimi usinitazame, mwanangu. Begi langu limefungwa tangu juzi!”

Anayetabasamu bila kucheka ni mama wa mabinti hao. Tangu aingie hajaachia mkoba wake.

“Dada yangu,” Mama Ramani anamwambia kwa sauti ya chini, “unaogopa nini?”

“Usiku,” anajibu yule mama. “Mchana naona tunakokwenda. Usiku nimelala, kitanda kinayumba, nitajuaje kama bado tuko salama?”

Mumewe anamgeukia. “Mbona hukuniambia?”

“Kwani uliniuliza?”

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mama Ramani anafuta alichoandika na kuanza upya. Usiku wa kwanza boti itafungwa hapa hapa gatini, isiende popote, ili mama huyo alale ndani yake huku akiziona taa za mji. Usiku wa pili watatia nanga kwenye ghuba iliyo nyuma ya kilima, ambako upepo haufiki na maji hutulia mpaka asubuhi. Visiwa saba vinakuwa vinne. Baba mtu ananuna kidogo, lakini mkoba umeshashuka chini ya kiti.

“Kila kundi lina mmoja asiyetaka kwenda, na mara nyingi anaona haya kusema,” anasimulia Mama Ramani baada ya familia hiyo kuondoka. “Huyo ndiye ninayempangia safari. Hao wengine watafurahi tu, hata wakielea kwenye beseni.”

Hii ndiyo kazi yake kwa mwaka wa thelathini sasa: kupanga safari za watu wanaokodi boti za matanga kuzunguka visiwa vilivyo mbele ya mji huu. Yeye ndiye anayejua boti ipi ina ngazi fupi ya kufaa wazee, ghuba ipi ina mbu, na siku gani maji yatakupwa mpaka boti ikwame kwenye mchanga. Ofisi yake ni chumba chembamba kando ya gati, kinachonukia vanishi na kamba mbichi. Ukutani ipo ramani kubwa iliyofunikwa plastiki. Visiwa vinavyopendwa vimefifia rangi kwa kuguswa na vidole vya wateja, na ni ramani hiyo iliyompa jina analoitwa na kila mtu hapa.

Mshahara wake unalipa kodi ya nyumba na dawa za mumewe. “Kinachobaki ni harufu,” anasema, akicheka mwenyewe.

Lakini lipo jambo ambalo wateja wake hawalijui, na angekuwa na tabia ya kutia chumvi angelificha. Mama Ramani hajawahi kulala ndani ya boti hata usiku mmoja. Visiwa vyote hivyo anavijua kwa kusimuliwa. Kinyozi hajinyoi.

Msimulizi wake alikuwa mumewe, mtu ambaye gatini bado wanamwita Nahodha ingawa ni miaka mitatu hajashika usukani. Walikutana katika ofisi hii hii. Yeye akipanga, mume akipeleka. Kila jioni, wageni wakishatia nanga, Nahodha aliita ofisini kwa redio ya mawasiliano na kutoa taarifa kama sheria inavyotaka: wako wapi, upepo ukoje, wageni wanaendeleaje. Akimaliza ya kazi, hakukata.

“Mama,” alikuwa akisema, “laiti ungeona.”

Kisha akamweleza. Redio ile ilisikika kwenye boti zote, kwa hiyo manahodha wengine nao wakawa wanasikiliza. Kesho yake walimtania Mama Ramani mpaka akaona aibu kwenda kununua vocha. Hata hivyo, hakumwambia mumewe aache.

Alichokisimulia zaidi ya vyote ni kisiwa cha mwisho, kile kilicho peke yake upande wa mashariki. Mwezi ukiwa mpevu na maji yakakupwa sana, fungu la mchanga mweupe hujitokeza katikati ya bahari, na mtu anaweza kutembea juu yake huku maji yakiwa kulia na kushoto, mpaka aone kama anatembea kwenda mwisho wa dunia. Wateja wengi wamekwenda huko kwa sababu ya namna Mama Ramani anavyokieleza.

“Maneno yote ni yake,” anakiri. “Mimi nayakariri tu. Watu wanarudi wananishukuru, wananiambia nilisema kweli, na mimi nauliza moyoni, kumbe ni kweli?”

Walikuwa wamekubaliana kwamba watakwenda pamoja siku moja. Binti yao akimaliza shule. Baadaye ikawa binti akimaliza chuo cha uuguzi. Binti alimaliza, akapata kazi, na asubuhi moja ya kawaida kabisa kikombe kikamponyoka Nahodha mezani. Mkewe alikuwa anataka kumgombeza alipoona nusu ya uso wake haimtii.

Ilikuwa kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vililala. Mtu aliyezoea kuruka kutoka boti hadi boti alijifunza upya kutembea kwenye ujia wa nyumba yake, kiganja kikiwa ukutani. Mpaka leo pana alama nyeusi ya mkono wake, kutoka mlango wa chumbani hadi sebuleni. Mwenye nyumba ameleta rangi mara mbili ili ukuta upakwe, na mara zote mbili Mama Ramani amemwambia aondoke na kopo lake.

Mwaka jana, mwenye boti aliwaita wote wawili. Ile boti ambayo Nahodha aliiendesha miaka mingi ilikuwa imepata mnunuzi wa mbali, na ingekabidhiwa kabla ya mvua kubwa. “Ichukueni siku tano,” aliwaambia. “Mafuta juu yangu. Mtaendeshwa na yule aliyekuwa msaidizi wako.” Daktari hakupinga. Binti alimfundisha mama yake la kufanya iwapo baba angebadilika ghafla.

Kwa hiyo mpangaji akakaa kupanga safari yake mwenyewe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwanza alisogeza tarehe, kwa sababu ngazi ya boti ilihitaji kushikizwa vizuri. Ikashikizwa. Akasogeza tena, kwa sababu ya upepo. Akaondoa kisiwa kimoja kisicho na gati, kingine kisicho na zahanati, kingine kwa sababu simu hazishiki mtandao. Kila jioni alirudi nyumbani na mpango ulio salama kuliko wa jana na mfupi kuliko wa jana. Kisiwa cha mwisho, kile cha mchanga, ndicho alichokifuta mapema zaidi.

“Nilimwonyesha ule mpango akautazama weee, kisha akacheka mpaka akakohoa,” anakumbuka. “Akaniambia, ‘Mama, hii si safari. Huku ni kuzunguka meza ya chakula.’”

Mama Ramani alikasirika siku nzima. Miezi ikakatika, mvua zikakaribia, na mnunuzi akaanza kupiga simu.

Jumatatu moja, mwezi uliopita, ofisi ikiwa imejaa, mlango ulifunguliwa akaingia Nahodha. Alikuwa peke yake, amevaa shati lililopigwa pasi, fimbo mkononi. Mkewe alidhani dawa zimekwisha. Akamwita apite nyuma ya meza, lakini hakupita. Aliketi kwenye benchi na wateja wengine, akasubiri, na walipokwisha wa mbele yake akaja kukaa kwenye kiti cha wateja.

“Nataka safari ya visiwani,” alisema. “Watu wawili.”

“Acha utani, baba. Watu wanasubiri.”

“Hata mimi nimesubiri. Niulize lile swali lako.”

Mama Ramani anasema alitazama huku na huku akitafuta msaada, asiuone. Ikabidi ajikaze kisabuni na kuuliza.

“Nani kati yenu hataki kwenda?”

“Mke wangu,” akajibu Nahodha. “Mimi sijambo.”

“Anaogopa nini, huyo mke wako?”

“Hilo muulize mwenyewe. Mimi nimekuja kupanga safari.”

Machozi yalimtoka Mama Ramani kabla ya maneno.

“Naogopa utanifia huko,” alisema. “Mbali na hospitali, mbali na mtoto wetu. Na atakayekuwa amepanga yote hayo ni mimi. Kalamu hii nitaishikaje tena?”

Nahodha aliuvuta mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya meza karibu na wa mkewe, kwa sababu wenyewe haufiki.

“Na nikikufia hapa, sebuleni, kwenye kile kiti cha dirishani? Tutasema nani alipanga? Nimeponea chupuchupu, nakubali. Lakini sikupona ili nilindwe kama yai. Nimewapeleka watu baki kwenye ule mchanga mpaka nimechoka kuhesabu. Mke wangu sijampeleka.”

Kwenye benchi, mama mmoja aliyekuja kuulizia bei alipenga kamasi kwa kishindo. “Mpeleke, mwenzangu,” akamwambia Mama Ramani. “Mimi nitangoja tu.”

Siku hiyo hiyo Mama Ramani alirudisha kisiwa cha mwisho kwenye mpango. Safari hii tarehe haisogei, kwa kuwa si yeye aliyeichagua. Fungu lile hujitokeza vizuri wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kuliko siku nyingine zote, na bamvua ya mwisho kabla ya boti kukabidhiwa inaanza Alhamisi ijayo. Ikipita hiyo, imepita.

Usidhani hofu imekwisha. Dawa zimegawanywa kwenye mikebe miwili isiyoingiza maji, mmoja mbele ya boti na mmoja nyuma. Kamba imefungwa kutoka mlango wa chumba hadi usukani, kwa kimo cha kiganja cha mtu mmoja. Daktari wa kisiwa cha jirani amepigiwa simu mara nyingi hata ameijua sauti ya Mama Ramani. “Ananiambia, ‘Mama, nikikuona huku mzima mzima ndiyo nitapumzika,’” anasema.

Nahodha mwenyewe tunamkuta jioni kwenye kiti cha dirishani, akifanya mazoezi ya kufunga fundo kwa mkono mmoja na meno. Anauliza kama gazeti letu litaandika kwamba mkewe ndiye aliyekuwa mwoga. Mkewe anajibu kutoka jikoni kwamba liandike, lakini liandike pia nani hulia kwa kinyozi akiguswa sikio.

“Sikio ni sehemu nyeti,” anajitetea Nahodha, na fundo linafunguka.

Mama Ramani anapoulizwa anatarajia nini katika siku hizo tano, tunadhani atataja mchanga mweupe. Anakuja kusimama mlangoni, anafuta mikono kwa kanga.

Anasema tangu mumewe augue hajalala usingizi wa kweli. Kila usiku huamka kusikiliza kama anapumua. Akisikia, hulala kidogo, kisha huamka tena. Alfajiri huwa wa kwanza kunyanyuka, na humgusa bega taratibu, moyo ukimdunda, mpaka afumbue macho.

“Ameniambia kwenye boti kuna zamu, na zamu ya usiku ni yake. Yule kijana wake wa zamani ataendesha mchana. Usiku Nahodha atakaa juu na blanketi lake aangalie nanga, mimi nikalale chini. Nilibisha, akaniambia boti ina nahodha mmoja.”

Anamtazama mumewe, ambaye anajifanya kushughulika na kamba.

“Basi nitalala,” anasema. “Nataka nilale mpaka jua litoke, halafu aje aniamshe yeye.”