Daftari la Wiki Sita

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikiwa na mwaka wa pili tu kazini. Nimekaa ofisi ya walimu, kalamu mkononi, najaza daftari la mwanafunzi mmoja harakaharaka ili niwahi sala msikitini. Nilijaza siku tano kwa mkupuo mmoja. Jumatatu, amesoma silabi. Jumanne, amesoma silabi, anaendelea vizuri. Hata Ijumaa yenyewe, ambayo ilikuwa haijaisha, niliiandikia. Kisha nikatawadha, nikaenda kusali.

Nakusimulia haya kwa sababu umeniambia kwamba shuleni kwenu Kidahwe wamekuweka kwenye kamati ya walimu wanaosaidia watoto waliobaki nyuma. Nimefurahi, na nimemshukuru Mungu kwa ajili yako. Lakini nisikilize kwanza.

Ilikuwa miaka ile ndugu zetu wa Burundi walipokuwa wanakimbia vita. Wengi walipelekwa makambini, ila wapo waliofikia kwa jamaa zao hapa mjini. Mmoja alikuwa Jeneroza, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa akiishi mtaa wa Mwanga kwa shangazi yake aliyeolewa huku zamani. Tulimweka darasa la nne. Alinakili ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wenzake wote, lakini ukimwambia asome alichokiandika, ananyamaza na kutazama chini.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mama Mkristo kutoka Songea, tukimwita Mama Perpetua. Alituita tukae watatu: yeye, Mwalimu Kasimu wa hesabu, ambaye alikuwa mtu mzima tayari, na mimi. Alitukataza kusema mtoto ni mzito. Alitaka kwanza tumweleze yeye ni nini mtoto anachokiweza.

"Hesabu za kichwa ananishinda hata mimi," Kasimu alisema. "Mtajie kwa mdomo, jibu linatoka kabla hujameza mate. Mwandikie, basi, kimya."

Tukapanga. Jeneroza ahamie dawati la mbele. Kasimu amuulize kwa mdomo kabla ya kumpa zoezi. Na mimi, kwa kuwa ndiye pekee kati yetu niliyekijua Kiha, ambacho kinakaribiana sana na Kirundi, nikae naye dakika ishirini kila siku baada ya kipindi cha mwisho. Asimulie habari kwa lugha yake, halafu tuisome pamoja kwa Kiswahili. Tufanye hivyo wiki sita, na kila siku niandike tulichofanya.

Wiki ya kwanza nilikaa naye siku mbili. Baada ya hapo mazoezi ya mpira yakaanza. Nilikuwa beki wa timu ya mtaa wetu, kijana mwenye nguvu, na jina uwanjani lilinilevya kidogo. Kengele ya mwisho ikilia nilikuwa nimeshavaa viatu. Nilijiambia kesho nitafidia. Ilipofika Ijumaa nikajaza daftari.

Ujue, mwanangu, wakati huohuo nilikuwa nafundisha madrasa Ujiji kila Jumamosi. Nilikuwa nawaambia watoto kwamba kila mtu ana malaika wawili wanaoandika matendo yake. Nilisema hayo bila kuona haya, na Ijumaa iliyofuata nikaandika tena ya kwangu.

Wiki sita zikaisha. Mama Perpetua akampa Jeneroza aya moja fupi asome mbele yetu. Hakusoma hata mstari mmoja.

Kasimu akafungua daftari langu na kupitisha kidole kurasa zote. "Beki kafanya kazi yake," alisema. "Tazama, hajakosa siku. Mwalimu anakaa na mtoto wiki sita, kwa lugha ya kwao, na bado hivi? Mama, hapa tumefika mwisho."

Mama Perpetua alinitazama. "Mwalimu Ramadhani, unaonaje?"

Nikasema, "Ni kweli, Mama."

Maneno matatu tu. Basi ikaamuliwa kwamba kuanzia Jumatatu Jeneroza arudishwe darasa la kwanza, akakae na watoto wa miaka saba. Shangazi yake alikuwa ameshatuambia mapema kwamba tukimshusha, atamtoa shule aende naye ufukweni Kibirizi kuanika dagaa. Hakuwa mama mbaya. Alikuwa amechoka kusikia mtoto wake anaitwa mjinga.

Mama Perpetua akaniomba nimweleze mtoto mwenyewe kwa Kiha, ili aelewe vizuri. Nilimkuta darasani, amekaa dawati la mbele peke yake. Nikamwambia kwamba tumejaribu kumsaidia na haikuwezekana.

"Ego, mwalimu," aliitikia. Ndiyo. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo nisikungoje tena?"

Sikumwelewa. "Kunigoja wapi?"

"Hapa. Uliniambia nikungoje baada ya kengele. Nakungoja mpaka watu wa usafi wanafunga mlango. Shangazi anauliza mbona nachelewa, namwambia ninasoma." Kisha akasema, bila lawama yoyote, "Nilijua una mpira."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Mama Perpetua. Nilimwambia siku nilizokaa na yule mtoto ni mbili. Zilizobaki niliziandika tu.

Nilitegemea afoke. Hakufoka. Alilifunga daftari, akaliweka mbele yangu. "Ungeacha kurasa tupu, ningejua mtoto hajasaidiwa," alisema. "Ulichoandika kimeniambia amesaidiwa na hafai. Umemtia mtoto ujinga kwa kalamu yako, Mwalimu. Sasa utayasema haya mbele ya Kasimu, na utayasema mbele ya shangazi yake."

Kasimu aliposikia alisema, "Na mimi ndiye niliyelisoma kwa sauti." Lakini kuyasema mbele ya Kasimu kulikuwa rahisi. Shangazi ndiye aliyenivunja. Nilipomaliza kusema aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo si kichwa cha mtoto?"

"Si kichwa chake, Mama. Ni mimi."

Akakaa kwenye benchi, akafunika uso kwa kitenge. "Nimempiga," alisema. "Nilidhani anacheza njiani. Nimempiga kwa kuchelewa."

 

Tulianza wiki sita upya, na Jeneroza akabaki darasa la nne. Safari hii mazoezi niliyaacha. Alinisimulia kwa Kirundi habari za kwao, za mbuzi, za bibi yake, na nyingine ambazo sikuwa tayari kuzisikia. Nikaziandika kwa Kiswahili chepesi, tukazisoma. Siku ambazo hakuelewa niliandika hakuelewa. Siku moja niliumwa, nikaandika sikuja. Mwisho wa wiki ya sita alisoma nusu ya aya ile kwa kusitasita. Nusu nyingine ilimchukua muhula mzima. Hakuwa wa kwanza darasani, ila alisoma. Baadaye shangazi alihama naye, na sijui alifika wapi. Namwombea.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kamati ikikupa mtoto, kaa naye. Ukishindwa, andika kwamba umeshindwa, hata kama wenzako watakucheka, kwa maana wao wanaamua juu ya mtoto kwa kuangalia ulichoandika. Na mkikaa mezani na mmoja akasema mtoto huyu hasaidiki, wewe uliza kwanza kama kweli amesaidiwa, siku ngapi, na nani. Na anza kwa kujiuliza wewe mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akupe subira ya kubaki darasani wenzako wanapoondoka. Aulinde ulimi wako usiseme "ni kweli" pale ambapo si kweli. Na watoto watakaokungoja, akujalie uwafikie wakiwa bado wapo. Amin.