Godoro la Murabba

La, sikukudanganya. Nilikwambia vile nilivyoambiwa, na kama niliambiwa nusu, basi nusu ndiyo niliyokupa. Hivyo ndivyo nilivyomjibu dada yangu leo mchana kwenye simu, naye akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Profesa," akasema. "Profesa wa Amerika. Haya, niambie, leo downtown inasemaje?"

Nilikuwa nimesimama jikoni kwa madam ninayemfanyia kazi hapa Riyadh, sufuria ya wali iko motoni, na ndani yangu hakukuwa na kitu. Si hasira, si aibu. Nilitazama mvuke tu.

Acha niandike ilivyokuwa, maana watoto wa madam wamelala usingizi wa mchana na nina kama saa moja.

Dada yangu amenizidi miaka sita. Anasuka nywele kwenye saluni ya wanawake huko Jeddah, na analala Ruwais, karibu na bahari, chumba alichokuwa akikaa na Wakenya wengine wanne. Siku hizi nchi hii inabadilika kila wiki. Madam anaendesha gari mwenyewe, sinema zimefunguliwa, na huko Jeddah nyumba za zamani zilianza kuandikwa ukutani kwa rangi nyekundu kwamba zitabomolewa. Yao ilikuwa bado, lakini ya jirani iliandikwa. Bosi wao, mama mmoja wa Jeddah, akawaita: anafungua saluni nyingine Riyadh, anayetaka kuhamia aseme, chumba cha kulala kipo.

Sasa sisi wageni hapa tuna desturi yetu. Nafasi ya kulala haishikwi kwa mdomo. Unatanguliza godoro. Godoro likishalala sakafuni, hapo ni pako, hata wewe mwenyewe ukija baada ya mwezi, na hakuna atakayeligusa. Usipotanguliza, usilie. Wale wanne wakafunga magodoro yao kwa kamba, wakayapakia kwenye basi la Riyadh. Dada yangu akanipigia: na mimi nifunge langu?

Nikamwambia asifunge.

Nilikuwa na sababu. Binti wa madam alisoma Amerika miaka minne, na siku moja nikiwa nakanda unga nilimwuliza hiyo downtown anayoitaja kila saa ni kitu gani. Akachora duara kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani.

"Hapa ndipo mji ulipoanzia," akasema. "Ofisi, benki, mahakama, majumba marefu, yote hapa."

Akaniambia wenye pesa walinunua magari wakahamia nje, kwenye nyumba zenye nyasi. Ofisi zikifungwa jioni, pale katikati palibaki kimya, wakabaki maskini na waliokosa pa kwenda. Miaka ikapita, watoto wa wale wale waliohama wakarudi. Wakatengeneza nyumba kuukuu, wakafungua mikahawa. "Sasa ndiko kuzuri kuliko kote."

"Kwetu Nairobi," nikamwambia, "downtown ni ule upande wa chini wa mji, wa vitu vya bei rahisi na kelele. Hakuna mtu anajisifu anaishi huko."

"Kama Batha."

"Kama Batha."

"Ngoja tu," akacheka. "Zamu ya Batha pia itafika."

Batha ndilo soko letu sisi wageni, katikati kabisa ya Riyadh. Yeye hajawahi kutia mguu huko, anapaona tu akipita daraja la juu kwa gari. Hilo lingetosha kunishtua. Halikunishtua.

Basi dada yangu aliponipigia, nilimjibu nikiwa nimejaa maarifa. "Usihame. Ruwais ndiyo downtown ya Jeddah. Mahali kama hapo hawapatupi, wanapatengeneza. Tulia, utajikuta unakaa mahali pa matajiri." Nilisema kama kitu nilichokiona kwa macho yangu. Sikumwambia nimekisikia kwa msichana mwenye unga kidoleni. Naye akaniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyefika kidato cha nne, na yeye ndiye aliyeacha shule akasuka vichwa vya watu ili nifike.

Wiki iliyopita rangi nyekundu ikafika mlangoni kwao. Nikamwendea binti wa madam sebuleni, alikuwa anapaka kucha.

"Wale maskini waliokuwa downtown," nikamwuliza, "nyumba zilipotengenezwa walienda wapi?"

Akafikiri kweli kweli. Si msichana mbaya. "Kodi ilipanda. Waliondoka."

"Wapi?"

"Wallahi sijui. Hata sikuwahi kuuliza."

Mimi pia sikuwahi. Nilimsikiliza hadithi yote nikijiweka upande wa wale wanaorudi.

Basi leo ndiyo dada yangu kanipigia. Chumba cha saluni hapa Riyadh kimejaa, magodoro ukuta kwa ukuta. Bosi wake amesema kazi ipo, lakini mahali pa kulala mafi, hapana. Akipata pake kufikia Jumamosi, aje. Akikosa, halas, basi, tiketi ya kurudi Kenya. "Nirudi nikafanye nini?" akaniuliza, na hapo hakuwa anacheka. Kisha akanirudia: "Wewe ulinidanganya." Na mimi nikajibu kama nilivyojibu.

Nina godoro Murabba, si mbali na Batha. Ni chumba tunachokodi wasichana tunaofanya kazi kwenye manyumba, wawili wanalala humo siku zote, sisi wengine tunaenda Ijumaa tu. Nililitanguliza miezi minane iliyopita. Nikilala pale hakuna anayeniita. Nikilitoa, Ijumaa zangu zitakuwa hapa hapa jikoni. Nimejaribu kulifikiria hilo ili linichome kidogo. Halichomi.

Kesho ni Ijumaa. Asubuhi nitateremka Murabba, nitatoa shuka langu na mto, na godoro likiwa tupu nitasimama kando yake niwaambie wenzangu wote kwamba kuanzia leo hapa ni pa dada yangu. Halafu nitampigia. Na kabla sijamwambia afunge mizigo, nitamwambia nilikosea, na kwamba maneno yale hayakuwa yangu.