Nilisema Mwanangu Anaijua Theluji

Kwa miaka sita mwanangu alifanya kazi katika ukumbi wa theluji ndani ya jengo moja la maduka hapa Dubai. Nje watu walitoka jasho. Ndani yeye alivaa koti zito na kusawazisha kwa beleshi theluji iliyotengenezwa na mashine. Alirudi chumbani kwetu Rashidiya na mikono ya baridi, nami nilijivuna. Kwetu pwani ya Kenya hakuna aliyewahi kuigusa theluji.

Wakati huo nilikuwa nikiwasomesha Qur'ani watoto wa arbab mmoja, yaani bwana tajiri wa Kiarabu, na baada ya darsa alikuwa akinikaribisha kahawa. Siku moja akaniambia anakwenda na wenzake milima ya mbali, si kwenye njia za watalii bali kule ambako theluji haijakanyagwa, wakilala vibandani. Alitaka mtu wa kumpikia na kumsaidia mizigo. Nikasema, bila kuulizwa, "Mchukue mwanangu. Anaijua theluji."

Mwanangu alicheka aliposikia. "Baba, ile yetu inalala pale tulipoilaza. Ya mlimani ina mambo yake."

"Theluji ni theluji. Usiniaibishe."

Akaenda.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, nilikuwa zahanati moja ya Oud Metha nikisubiri kupimwa presha. Ujumbe wake wa sauti ukaingia. Alikuwa akinong'ona.

"Baba, imeanguka siku tatu, na upepo mkali. Leo jua limetoka. Kiongozi wetu amechimba shimo kwenye mteremko akatuonyesha. Juu kuna tabaka jipya, gumu, zito. Chini yake ni chembechembe kama sukari, hazishikani. Anasema tukikanyaga juu, tabaka lote laweza kuteleza likatufukia. Anataka tukae kibandani. Arbab hataki. Ananiambia, 'Baba yako amesema unaijua theluji. Wewe sema ndiyo, yalla, tunavuka.' Anangoja nifunge mzigo. Nimwambie nini, baba? Kifaa nimekivaa, kile cha kuonyesha mtu alipofukiwa."

Nilijibu papo hapo: "Mwambie hujui. Mwambie baba yako alijisifu tu." Ujumbe haukufika. Nikaurudia mara tatu. Nikampigia arbab, simu yake haikupatikana. Muuguzi akaniita kwa namba yangu, sikuitika.

Mlinzi wa mlangoni, Mkristo kutoka Uganda, akaniletea kiti. "Mzee, vipi? Kuna mtu amekufa?"

"Bado," nikasema, na neno lile likanitisha mwenyewe.

"Basi niombe?"

"Omba."

Akaomba kwa namna yake, nami kwa yangu. Nimewafundisha watu subira miaka arobaini. Saa zile sikuwa nayo hata kidogo. Akilini nilimwona mwanangu akifunga kamba za mzigo kwa sababu mimi nilimlea asimkatalie mkubwa, na nilimwambia asiniaibishe. Alikuwa akitii. Adhana ya alasiri ikalia, nikaswali nikiwa sijui rakaa ya ngapi. Katika sijda ya mwisho niliomba jambo ambalo sijawahi kuliomba, kwamba mwanangu anivunjie amri.

Magharibi ilikaribia, na mlinzi alikuwa amekwisha kubadilishana zamu lakini hakuondoka, simu ilipolia tena.

"Baba, nisamehe. Mtandao ulikatika, sikuweza kungoja jibu lako. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu. Nilimwambia arbab, 'Baba yangu hajaiona theluji hata siku moja, na mimi naijua ya mashine tu. Msikilize kiongozi.' Walicheka sana. Tuko kibandani sote. Napika chai."

Nilisujudu palepale kwenye korido, kati ya viti. "Mzima?" mlinzi akauliza. Nikamshika bega.

Ule mteremko haukuporomoka siku ile, wala kesho yake. Arbab aliporudi alinitania, "Mwalimu, mlima bado umesimama," na baada ya darsa hakunikaribisha kahawa tena. Alhamdulillahi kwa hilo pia.

Mwanangu aliporudi chumbani aliinama kunibusu mkono bila kunitazama, akidhani nimekasirika. Mikono yake ilikuwa ya moto. Niliishika.

"Baba, yatosha," akasema hatimaye. "Utanivunja vidole."