Risasi Kisimani

Juzi, kwenye foleni ya ofisi ya maji mjini Kericho, nyanya mmoja mbele yangu aliweka chupa mbili za maji juu ya kaunta.

"Tunapima risasi, Gogo," dada wa maabara akamwambia, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao.

Nyanya akarudi nyuma hatua moja. "Risasi? Kwa kisima yangu hakuna mtu amepiga bunduki!"

Foleni ikacheka, nami nikiwemo. Dada hakucheka. Alieleza kwamba risasi hii ni madini, haionekani majini wala haina ladha, na huharibu akili za watoto. Akadondosha tone la chupa ya kwanza kwenye kipande chembamba cha kupimia, akakichomeka kwenye kifaa kinachonusa madini kwa umeme. Sote tukakodolea kioo cha kifaa macho.

"Iko sawa, Gogo. Kunyweni."

Nyanya akashusha pumzi, kisha akasukuma chupa ya pili. "Hii ni ya jirani. Nilichota akiwa ameenda kuchuma majani chai. Hatusalimiani, lakini watoto wake wanakunywa."

Hakuna aliyecheka tena.

Nimesikia majirani wengi wakitishiana kwa risasi. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akiitafuta kwa jirani huku akiomba isipatikane.