Jani Peke Yake Halitoshi

Nilipoolewa Maretadu nikitokea uwanda wa Hanang, nilikuta watu wanaojua mahindi na maharage kuliko nitakavyoyajua mimi maisha yangu yote. Vichaka hawakuvijua. Kwetu tunafuga, na mtoto wa mfugaji hufundishwa vichaka kabla ya kusoma, maana ng'ombe akila kibaya humfufui.

Mwaka huo mama mkwe aliumwa miguu. Nikachimba mizizi ya kichaka cha mpakani mwa shamba, nikaichemsha na mifupa ya mbuzi kama mama yangu anavyofanya. Wifi yangu akaingia jikoni, akaokota jani lililodondoka, akalipiga picha. Simu ikamjibu kuwa ni msunguti, mti wa sumu ya mishale. Akaenda kumwambia mama yake kwamba nataka kumuua. Mama mkwe akaniamuru nifunge mizigo, kesho nipande basi nirudi kwetu.

Nilikasirika. Sikukunja hata kanga.

"Shikamoo, mama," nilimwambia, ingawa asubuhi nilikuwa nimeshamwamkia. "Nitaondoka. Ila kwanza twende mpakani."

Akaja na fimbo yake, wifi nyuma na simu yake. Nikawaonyesha majani: magumu, yamekaa mawili mawili yakitazamana, ukivunja yanatoa maziwa. Ya msunguti nayo ni hivyohivyo, sikuwaficha. Maua meupe, mgongoni mekundu kidogo, yananukia vizuri. Msunguti nao hunukia. Matunda madogo, mekundu yakielekea kuwa meusi. Hata hapo mtu anaweza kudanganyika.

Nikamwambia wifi ashike tawi. Akalishika kwa nguvu, kwa hasira, akaurudisha mkono ukitoka damu. Msunguti hauna mwiba hata mmoja, nikawaambia, na jani lililopigwa picha jikoni lilidondoka bila mwiba wake. Nikachuma matunda meusi, nikayala mbele yao, matamu.

Tuliporudi niliipua sufuria, nikaketi mlangoni wanaponiona wote, nikanywa ile supu bakuli baada ya bakuli. Tumbo lilijaa, nikaendelea. Mama mkwe akasogeza kikombe chake.

"Niwekee na mimi."

"Imekwisha, mama," nikasema. "Kesho atachimba wifi. Sasa anakijua kichaka."